Kupandisha Pipa: Mnyororo wa Simon Stevin

Juma lililopita tuliacha swali hili: pipa la ratili 200 linapandishwa garini kwa ubao wa futi 8, nayo sakafu ya gari iko futi 2 juu ya ardhi. Mtu anayelisukuma kufuata ubao ahitaji nguvu kiasi gani ili lisimrudie miguuni? Msuguano tuuache kwanza.

Swali hili liliwatatiza wakubwa wa elimu. Pappus wa Alexandria, huko Misri, alilijibu katika karne ya 4, akakosea. Kwa hesabu yake, ubao ukizidi kusimama nguvu inayotakiwa huzidi bila kikomo. Lakini wewe umepata kuvuta ndoo kisimani, kamba imesimama wima, na mkono wako ulichukua uzito wa ndoo tu! Jibu la kweli liliandikwa Ulaya katika karne ya 13, katika kitabu kilichosomwa kwa jina la Jordanus. Hata hivyo, mwaka 1577 Guidobaldo del Monte wa Italia alimdharau Jordanus akamfuata Pappus, maana Wayunani wa kale ndio aliowaheshimu. Kuheshimu wazee ni vema, ila hesabu haina mzee.

Basi chora pembetatu. Kitako chake kilale sawa, na upande wa kushoto uwe na urefu mara mbili ya ule wa kulia. Ndivyo alivyochora Simon Stevin, mzaliwa wa Bruges, katika kitabu kilichopigwa chapa Leiden mwaka 1586. Aliizungushia mnyororo wa tufe 14 zenye uzito mmoja, zilizoachana sawasawa: 4 juu ya upande mrefu, 2 juu ya ule mfupi, na 8 zaning'inia chini. Je, mnyororo utazunguka? Ukizunguka, kila tufe itashika mahali pa mwenzake, na hali itakuwa ile ile ya mwanzo. Basi utazunguka milele wenyewe, jambo lisilowezekana. Kwa hiyo umetulia. Sasa ziondoe zile 8 za chini. Zilikuwa zikivuta sawa kushoto na kulia, hivyo hakuna kitakachosogea. Tufe 4 zimezuiwa na 2!

Maana yake uzito umegawanyika: sehemu moja huvuta kufuata mteremko, nyingine hukandamiza ubao. Ile ya kwanza ni uzito mara kimo, ukigawa kwa urefu wa mteremko. Kwa pipa letu, 200 mara 2, gawa kwa 8: ratili 50. Ubao ukiwa wa futi 4 tu, ni ratili 100.

Kanuni ya kuigawa nguvu yoyote ilitolewa mwaka 1687, na Newton huko Uingereza na Varignon huko Ufaransa. Juma lijalo tutaitumia kwa taa iliyotundikwa kwa kamba mbili. Uwe na rula.