Saa za Kariakoo na Ujira wa Wapagazi

Mgeni afikaye Dar es Salaam huelezwa kwamba nchi yetu imo saa tatu mbele ya Greenwich. Hiyo ndiyo saa ya serikali, ya ndege na ya benki. Jua lenyewe, kwa kuwa jiji liko karibu na nyuzi 39 za longitudo ya mashariki, huchelewa nyuma ya saa hiyo kwa dakika zaidi ya 20. Na watu wa Kariakoo wana hesabu yao: saa moja asubuhi ni saa moja tangu kupambazuke, na saa kumi na mbili jua linatua.

Hesabu hii ndiyo ya Injili. Mhubiri wa Ulaya asomapo Mathayo 20 hana budi kuongeza sita ili waumini wake wajue saa tatu ilikuwa wakati gani. Msikilizaji wa Kiswahili hahitaji msaada huo. Tena mwenye shamba anawakuta vibarua wake sokoni, wamesimama wakingoja kuajiriwa. Hapo ndipo tunapokusudia kukaa kidogo, kwa maana soko letu lililo maarufu kuliko yote limepewa jina la vibarua, nalo jina hilo husikika kwa nadra mimbarani.

Magharibi ya uwanja wa Mnazi Mmoja, Wajerumani walipanga makazi ya Waafrika na kujenga jengo la soko kabla tu ya Vita Kuu ya Kwanza. Vita vilipoanza mwaka 1914 mpango huo ukakatika. Waingereza waliuteka mji Septemba 1916, wakaligeuza eneo lile kuwa kambi ya kikosi cha wapagazi, kilichoitwa kwa Kiingereza Carrier Corps. Kinywa cha Mswahili kikalifanya jina hilo Kariakoo. Nairobi nako kuna Kariokor, kwa asili ile ile.

Pande zote mbili za vita ziliwategemea wapagazi, kwa kuwa mbung'o waliua wanyama wa mizigo na barabara zilikuwa chache. Wengi walichukuliwa kwa nguvu. Walikufa kwa kuhara damu, malaria, homa ya mapafu na njaa, kuliko kwa risasi. Hesabu rasmi ya upande wa Waingereza pekee ilizidi 40,000, na wanahistoria wengi huiona kuwa pungufu mno. Kanisa halikuwa mbali na jambo hili: Askofu Frank Weston wa Zanzibar, Mwanglikana, alikusanya kikosi cha wapagazi mwaka 1916 akatembea nao mwenyewe bara. Kwetu sisi Walutheri, miaka ile ndiyo wamisionari wa Kijerumani walipowekwa kizuizini na baadaye kurudishwa kwao, na walimu Waafrika wakabaki na mzigo wa sharika.

Sanamu ya Askari iliyozinduliwa mwaka 1927 katikati ya jiji inawataja pia wapagazi katika maandishi yake, ila aliyesimama juu ya jiwe ni askari mwenye bunduki. Lililo zito zaidi ni ujira. Wapagazi wengi walikufa bila majina yao kuandikwa sawasawa, na mishahara yao haikuwafikia ndugu zao. Walawi 19:13 hairuhusu ujira wa kibarua kulala kwa mwajiri hata asubuhi. Ujira huu umelala zaidi ya miaka mia.

Jengo lile la Wajerumani lilifunguliwa kuwa soko mwaka 1923. Badala yake likaja soko la Beda Amuli, msanifu majengo Mwafrika, lenye paa la zege mithili ya miavuli iliyopinduliwa ili kukinga mvua, lililofunguliwa na Mwalimu Nyerere Desemba 1975. (Kwa maoni yetu hakuna jengo katika jiji hili lililoelewa vizuri zaidi tabia ya nchi.) Liliungua Julai 2021. Hata hivyo biashara ilikuwa imekwisha kuenea mitaani: Kongo, Msimbazi, Mkunguni, Narung'ombe.

Mfanyabiashara wa huko leo anaishi katika saa kadhaa kwa pamoja. Afunguapo duka saa mbili asubuhi, Guangzoni anakoagiza bidhaa, yaani Guangzhou, ni saa saba mchana, na mteja wake wa Lubumbashi au Lusaka yuko saa moja asubuhi. Ndiyo maana mwaka 2025 mkoa ulianzisha mpango wa Kariakoo kufanya biashara saa 24. Wenye maduka wamekwisha kuonyesha kwamba wana sauti: walipofunga maduka Mei 2023 kwa malalamiko ya kodi, Waziri Mkuu alikuja kuwasikiliza Mnazi Mmoja.

Kuli hana duka la kufunga. Soko likikesha, ni yeye atakayeshusha marobota saa nane za usiku, na mchungaji wa usharika wa katikati ya jiji atapaswa kuuliza ni saa ngapi mtu huyo anaweza kusikia Neno. Yeye halipwi kwa saa wala kwa siku. Hulipwa kwa mzigo, nazo fedha huzidai papo hapo, mkononi, kabla lori halijaondoka.