Jaji Aliyekimbia: Uchunguzi wa Mauaji ya Mbarara, 1971

Hivi karibuni nilitazama filamu ya Kifaransa iitwayo La Nuit du 12 (2022), ya Dominik Moll, chumbani kwangu Kamwokya pamoja na jirani yangu. Msichana anachomwa moto usiku. Polisi wanamhoji mwanamume mmoja baada ya mwingine, lakini muuaji hajulikani mpaka mwisho. Baada ya miaka 3 jaji mwanamke anafungua jalada upya na kuwapatia polisi fedha za kuendelea. Jirani yangu alikasirika. Katika vibanda vya video vya mtaani kwetu amezoea filamu ambazo mwovu hukamatwa. "Bora wangemjua," alisema.

Kauli hiyo ilinifanya nijiulize: je, kumjua muuaji kunatosha? Historia ya Uganda inajibu kwamba hakutoshi.

Idi Amin alitwaa madaraka tarehe 25 Januari 1971. Baada ya miezi michache zilienea habari kwamba askari, hasa Waacholi na Walango, walikuwa wakiuawa kambini. Mwandishi wa habari Mmarekani, Nicholas Stroh, alitaka kuzithibitisha. Mwezi Julai alikwenda Mbarara, kwenye kambi ya Kikosi cha Simba, pamoja na Mmarekani mwenzake Robert Siedle, aliyekuwa mwalimu wa sosholojia Makerere, chuo kisicho mbali na Kamwokya. Hawakurudi.

Marekani ilidai maelezo, na uchunguzi ukakabidhiwa Jaji David Jeffreys Jones wa Mahakama Kuu. Jeshi halikumsaidia. Hata hivyo, mabaki ya gari lao la Volkswagen yalipatikana, na afisa mmoja aliyekuwa amekimbilia Tanzania alitoa ushahidi. Jaji alihitimisha kwamba Wamarekani hao waliuawa na wanajeshi wa Kikosi cha Simba. Lakini kabla ripoti haijatangazwa mwaka 1972, yeye mwenyewe alikuwa ameshaondoka nchini kwa kuhofia maisha yake. Serikali iliyapinga matokeo yake.

Hofu yake haikuwa ya bure. Tarehe 21 Septemba 1972, Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka alikamatwa na watu wa Amin ndani ya Mahakama Kuu, Kampala, akauawa.

Tofauti ya visa hivi viwili ni hii: katika filamu, dola inatafuta muuaji lakini ushahidi haupo, Mbarara, ushahidi ulikuwepo, ila mtuhumiwa alikuwa dola yenyewe. Jaji wa filamu anafungua jalada akiwa ofisini mwake, ilhali jaji wetu alilazimika kukimbia.

Kwa kuhitimisha, sikubaliani na jirani yangu. Kesi isiyo na jibu inaumiza, lakini kesi yenye jibu na isiyo na wa kuhukumu inaumiza zaidi. Hata hivyo, naona Jones hakushindwa kabisa: kwa sababu aliandika, mimi leo naweza kusimulia.