Vitamini za Ngozi: Kutoka Gerezani Hadi Kwenye Chupa ya Losheni

Mwaka 1915, katika shamba la gereza la Rankin jimboni Mississippi, Marekani, wafungwa 12 walikubali kula chakula walichopangiwa na daktari wa serikali. Mmoja aliondolewa njiani, wakabaki 11. Chakula chenyewe hakikuwa kigeni kwa maskini wa kusini mwa nchi hiyo: mahindi yaliyosagwa na kupikwa kwa namna tofauti, mkate mweupe, wali, viazi vitamu, sukari. Nyama hakuna, maziwa hakuna, mayai hakuna, kunde hakuna. Malipo waliyoahidiwa yalikuwa msamaha wa gavana. Kufikia mwisho wa Oktoba, sita kati yao walikuwa wameugua pelagra.

Pelagra hujionyesha kwenye ngozi. Mahali panapopigwa na jua, yaani mikono, miguu, uso na shingo, hubabuka kana kwamba mtu ameungua, kisha ngozi huwa nyeusi, hukakamaa na kubanduka. Shingoni huacha alama ya mzunguko iliyokaa kama mkufu; daktari Mhispania Gaspar Casal aliieleza tangu karne ya 18, na madaktari bado wanaiita kwa jina lake. Baada ya ngozi huja kuharisha, kisha akili huvurugika, na asiyetibiwa hufa. Miaka ile ugonjwa huu uliua maelfu ya watu kusini mwa Marekani, wengi wao wakulima waliolima pamba kwenye mashamba ya wengine.

Daktari aliyewalisha wafungwa hao alikuwa Joseph Goldberger. Wakubwa wa tiba walisisitiza kwamba pelagra inaambukizwa, na majaribio ya Rankin hayakuwanyamazisha. Basi mwaka 1916 Goldberger na wenzake walijidunga damu za wagonjwa, wakameza vidonge vya unga uliochanganywa na magamba ya ngozi, mkojo na kinyesi cha wagonjwa hao. Mke wake, Mary, naye alidungwa damu ya mgonjwa. Hakuna aliyeugua. Hata hivyo Goldberger alifariki mwaka 1929 bila kukijua kitu kilichokosekana kwenye mahindi yale. Kilitajwa mwaka 1937, Conrad Elvehjem wa Chuo Kikuu cha Wisconsin alipowaponya mbwa wenye ugonjwa wa namna hiyo kwa asidi ya nikotini. Leo tunaiita niasini, au vitamini B3.

Ndugu yake wa karibu ndiye huyu anayeandikwa kwa herufi kubwa kwenye seramu na losheni zinazouzwa madukani kwetu: niacinamide.

Sisi tunaokula ugali kila siku tuna sababu ya kuifahamu habari hii. Mahindi yana niasini, lakini sehemu kubwa imefungwa kiasi kwamba tumbo haliwezi kuifungua, na mwili huokolewa na mboga: maharage, karanga, dagaa, maziwa, nyama. Mwaka 1990, wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa Malawi walipokosa karanga kwenye mgao wao na kubaki na mahindi, zaidi ya watu 18,000 waliugua pelagra.

Nimeeleza kwa kirefu kwa sababu mzizi wa biashara nzima ya vitamini za urembo uko hapa. Sayansi ilithibitisha jambo moja: mwili ukikosa vitamini, ngozi na nywele huharibika. Wauzaji wakaligeuza jambo hilo wakatangaza jingine: mtu akijipaka vitamini, ngozi na nywele zitapendeza. La kwanza ni kweli tupu. La pili ni kweli kwa vitamini chache, kwa kiasi maalumu, zikitengenezwa kwa namna maalumu.

Neno vitamini lenyewe liliundwa mwaka 1912 na Casimir Funk, mwanakemia mzaliwa wa Poland aliyekuwa akifanya kazi London. Mwaka uliofuata Elmer McCollum na Marguerite Davis, Wisconsin, walitambua kitu ndani ya siagi na kiini cha yai kilichowakuza panya, kikaja kuitwa vitamini A. Biashara haikuchelewa. Mwishoni mwa miaka ya 1930, kampuni ya Pond's ilikuwa ikiwatangazia wanawake wa Marekani krimu yenye "vitamini ya ngozi", miaka mingi kabla daktari yeyote hajathibitisha kwamba vitamini hupunguza makunyanzi.

Nywele nazo ziliingia kwa njia ya yai. Mwaka 1927, London, Margaret Boas aliwalisha panya ute mweupe wa mayai mabichi, wakapata vidonda vya ngozi na manyoya yakapukutika. Kitu kilichowaponya kiliitwa vitamini H, kutokana na neno la Kijerumani la ngozi. Ndiyo bayotini. Ute mbichi wa yai una protini inayoikamata bayotini na kuuzuia mwili kuipata. Yai likipikwa, protini hiyo huharibika na tatizo huisha. Ndiyo maana upungufu wa bayotini ni nadra sana kwa mtu anayekula chakula cha kawaida, na ndiyo maana mtu asiye na upungufu huo hana ushahidi wa kutosha wa kumfanya atumie fedha kununua vidonge vyake ili nywele zirefuke. Jambo jingine: mwaka 2017 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilitahadharisha kwamba bayotini nyingi mwilini inaweza kupotosha majibu ya maabara, yakiwemo ya vipimo vya moyo. Anayeimeza akienda kupima damu amwambie daktari.

Katikati ya miaka ya 1940 kampuni ya dawa ya Hoffmann-La Roche, Uswisi, ilitoa bidhaa ya nywele iliyotengenezwa kwa panthenoli, kitu ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini B5. Ikaitwa Pantene, na jina limebaki hadi leo ingawa mmiliki amebadilika. Panthenoli inafanya kazi, lakini kazi yake mtu wa saluni angeieleza vizuri kuliko tangazo: inashika maji. Unywele uliokwisha kutoka kichwani umekufa, hauna damu wala mshipa, hauwezi kulishwa. Panthenoli huuvika na kuulainisha, kitana kikapita bila kuukata. Kwa nywele zetu za kipilipili, zinazokauka haraka na kukatika kwenye mikunjo, hilo si jambo dogo. Ila kinachoukuza unywele kiko chini ya ngozi ya kichwa, na chakula chake huletwa na damu.

Vitamini C ilitangulia zote kwa ushahidi wa macho. Mabaharia waliokosa matunda kwa miezi walivimba fizi, nywele za mwilini zikajikunja kama skrubu, vidonda vya zamani vikafunguka upya. James Lind aliwapa baadhi yao machungwa na malimau mwaka 1747, wakapona. Bila vitamini hiyo mwili hauwezi kutengeneza kolajeni imara, na kolajeni ndiyo inayoishikilia ngozi. Lakini kuipitisha kutoka chupani hadi ndani ya ngozi kulihitaji kazi ya miaka mingi. Sheldon Pinnell wa Chuo Kikuu cha Duke alionyesha kwamba asidi hiyo hupenya ikiwa chachu sana, pH chini ya 3.5, na kwamba kuzidisha kipimo zaidi ya asilimia 20 hakuongezi kitu. Tena huharibika upesi kwa mwanga na hewa. Seramu nzuri huwa kwenye chupa ya rangi nzito, ikiwa karibu nyeupe au ya njano kwa mbali. Ikigeuka kahawia kama chai ya rangi, imekwisha kazi, hata kama tarehe iliyoandikwa bado iko mbali. Duka linaloianika juani mbele ya kioo linauza maji ya bei ghali.

Vitamini E, inayosifiwa kuliko zote kwa makovu, nitaipitia haraka. Katika utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1999, wagonjwa waliojipaka juu ya makovu ya upasuaji hawakupata nafuu yoyote katika sehemu kubwa ya matukio, na theluthi moja walipata muwasho wa ngozi. Inafaa zaidi kama mlinzi wa mafuta yaliyomo kwenye losheni yasivunde.

Iliyobaki ni vitamini A, yenye ushahidi mkubwa kuliko zote na historia chungu kuliko zote.

Mwaka 1951, gereza la Holmesburg mjini Philadelphia lilimwita daktari wa ngozi wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Albert Kligman, kwa sababu wafungwa walikuwa na fangasi za miguu. Miaka 15 baadaye alimsimulia mwandishi wa gazeti kwamba alipoingia mle, alichokiona mbele yake kilikuwa ekari za ngozi. Kuanzia hapo hadi 1974, mamia ya wafungwa, wengi wao watu weusi, waligeuzwa uwanja wa majaribio. Wengine walikuwa hawajahukumiwa. Walikaa ndani kwa kukosa fedha za dhamana. Migongo yao iligawanywa miraba na kubandikwa vipande vya kitambaa chenye shampuu, sabuni, manukato na kemikali ambazo hawakuambiwa ni nini. Walilipwa dola chache, ambazo ndani ya gereza zilikuwa nyingi kuliko ujira wa kazi nyingine yoyote. Kampuni ya Dow Chemical ilimlipa Kligman awapake dioksini, sumu kali. Jeshi nalo lilileta kemikali zake.

Katika mazingira hayo hayo ndimo Kligman alimoichunguza asidi ya retinoiki, inayotokana na vitamini A. Mwaka 1969 yeye na wenzake walichapisha matokeo yake kwa chunusi, na mwaka 1971 ikaruhusiwa kuuzwa kama dawa kwa jina la Retin-A. Wanawake wa makamo waliopewa dawa ile wakaanza kumwambia kwamba makunyanzi yao yanapungua. Januari 1988 madaktari wa Chuo Kikuu cha Michigan wakachapisha jaribio la wagonjwa 30 kwa wiki 16 lililounga mkono maneno hayo, na maduka ya dawa ya Marekani yakavamiwa. FDA iliidhinisha krimu ya makunyanzi yenye dawa hiyo mwaka 1995.

Dawa ni ya kweli. Huharakisha ngozi kujivua na kujijenga upya, huzibua vinyweleo na kuamsha utengenezaji wa kolajeni. Retinoli inayouzwa bila cheti cha daktari ni dada yake mpole. Ngozi lazima iibadilishe mara mbili kabla haijawa asidi yenyewe, na kwa hiyo nguvu yake ni ndogo na huchukua miezi. Zote mbili hukausha ngozi na kuifanya idhurike upesi na jua. Umoja wa Ulaya mwaka 2024 uliweka kikomo cha asilimia 0.3 kwa retinoli ya usoni na 0.05 kwa losheni ya mwili.

Waliotoa ngozi zao hawakuonja faida. Karibu 300 kati yao walifungua kesi mwaka 2000, mahakama ikaitupa kwa kuwa muda wa kushtaki ulikuwa umepita. Kligman alifariki mwaka 2010 akishikilia kwamba alifuata taratibu za zama zake. Chuo Kikuu cha Pennsylvania kiliomba radhi mwaka 2021, na Jiji la Philadelphia mwaka 2022, wakati wengi wa waliostahili kuombwa radhi walikuwa kaburini.

Historia hiyo inatufikia mpaka huku pwani na bara. Mwaka 1975 Kligman na mwenzake Isaac Willis walichapisha mchanganyiko wa vitu vitatu: tretinoini, haidrokwinoni na steroidi. Uliweza kufuta rangi ya ngozi yenye afya, si madoa peke yake. Mikononi mwa daktari wa ngozi, kwa muda mfupi, mchanganyiko wa aina hiyo bado hutibu madoa ya uso. Nje ya hospitali umegeuka kuwa msingi wa krimu za kujichubua, na baadhi ya vitu hivyo ndivyo vinavyokorogwa kwenye vikopo na kuuzwa kama mkorogo. Anayeutumia kwa miezi hupata ngozi nyembamba, mishipa inayoonekana, chunusi za ukubwani, michirizi, na madoa ya bluu-nyeusi mashavuni yasiyotoka. Tanzania imepiga marufuku haidrokwinoni, zebaki na steroidi katika vipodozi, na tangu 2019 usimamizi wa vipodozi uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS. Pamoja na hayo, mkebe huo huo mara nyingi umeandikwa mbele kwa maandishi ya dhahabu: una vitamini A, C na E.

Kwa hiyo geuza chupa usome nyuma. Viambato hupangwa kuanzia kilicho kingi. Ukikuta niacinamide karibu na juu, umenunua kitu chenye uwezo wa kuimarisha ngozi na kupunguza madoa taratibu. Ukikuta tocopherol mwishoni kabisa, baada ya manukato, vitamini E hiyo iko pale kwa ajili ya jina. Ukikuta hydroquinone, mercury (zebaki) au clobetasol (steroidi), au usipokuta orodha yoyote, irudishe chupa rafuni. Mjamzito, au anayetarajia kushika mimba, aepuke retinoli na jamii yake yote, kwa sababu vitamini A nyingi huweza kumdhuru mtoto tumboni. Na mwenye nywele zinazopukutika au ngozi inayobabuka bila sababu aende kwanza kwa daktari akapimwe damu na aulizwe anakula nini, kabla ya kwenda dukani.