Sumu Ndani ya Uji

Mwaka 1960, zaidi ya bata mzinga 100,000 walikufa Uingereza katika muda wa miezi michache. Kwa kuwa chanzo hakikujulikana, maradhi hayo yaliitwa "ugonjwa X". Uchunguzi uliishia kwenye chakula chao: mashudu ya karanga kutoka Brazil. Ndani yake palikuwa na kuvu iitwayo Aspergillus flavus, na kutokana na jina hilo sumu yake ikaitwa aflatoksini. Tanzania tunaiita sumukuvu.

Vifo vya bata vilikuwa rahisi kuhesabu. Kwa mtoto, hesabu ni ngumu: anayekula sumu hii kidogo kidogo haanguki, bali anabaki mfupi na mwembamba, na watu husema ndivyo ukoo wao ulivyo.

Mwaka 2002 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliopima watoto 480 wa Benin na Togo, wenye umri wa miezi 9 hadi miaka 5. Asilimia 99 walikuwa na dalili za sumukuvu katika damu. Waliodumaa walikuwa na kiwango kikubwa zaidi, na walioachishwa ziwa waliwazidi waliokuwa bado wakinyonya. Uhusiano huo peke yake hauthibitishi chanzo cha udumavu, lakini ulielekeza macho kwenye kinachofuata baada ya ziwa: uji.

Miaka miwili baadaye, mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui, sumukuvu iliwapata watu 317; 125 wakafa. Mahindi mengi yaliyowadhuru walikuwa wameyalima wenyewe na kuyahifadhi majumbani yakiwa na unyevu.

Hapo ndipo sheria inapokwama. Afrika Mashariki, kiwango cha juu kinachoruhusiwa katika mahindi ni maikrogramu 10 kwa kilo. Lakini mahindi yanayotoka shambani kwenda jikoni hayapiti kwa mkaguzi yeyote. Kuchemsha uji hakuimalizi sumu hii. Na mama anayechanganya unga wa mahindi na karanga, kama alivyoelekezwa kliniki, anachanganya mazao mawili ambayo kuvu hii huyapenda sana.

Anashauriwa aanike juu ya turubai, achambue, atupe punje zilizoota ukungu au kuvunjika. Ushauri ni sahihi. Ila mwaka wa njaa, punje hizo ndizo chakula cha jioni.