Kamera Mikononi mwa Wenyeji

Kibera, kusini-magharibi ya Nairobi, ilianza kuwa makazi ya askari Wanubi wa jeshi la mkoloni, na mwaka 1918 ikatangazwa kuwa ardhi ya jeshi. Watu wakazidi kuongezeka, lakini hata kufikia mwaka 2009 vichochoro vyake havikuonekana katika ramani za umma.

Hata hivyo wapiga picha hawakukosekana. Walifika kwa wingi zilipozuka ghasia za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, zilizoua watu zaidi ya 1,100 nchini. Walifika tena Kawangware, Oktoba 2017, nyumba na maduka yalipochomwa baada ya uchaguzi wa marudio. Moshi ulipotulia, wakaondoka. Foleni ya maji, kodi ya chumba cha mabati, mama amtafutaye mwanawe katika vituo vya polisi: mambo hayo hayakuwa na wa kuyangojea, alhali ndiyo yaelezayo moshi ulikotoka.

Mwaka 2009 vijana wa Kibera walizipima njia zao kwa miguu, wakachora ramani iliyoitwa Map Kibera. Mwaka uliofuata wakashika kamera ndogo, wakaanzisha Kibera News Network. Habari zao zilikuwa fupi, na pengine picha ilitikisika. Lakini muulizaji na muulizwa walikuwa majirani, na jirani hadanganyiki upesi.

Filamu ndefu ni shauri jingine. Sam Soko alimfuata kwa miaka kama saba Boniface Mwangi, aliyezipiga picha ghasia zile za 2007, akawa mtetezi wa haki, kisha akagombea ubunge wa Starehe mwaka 2017. Nani atamlisha mtengenezaji miaka yote hiyo? Kituo cha televisheni huchelea kupoteza matangazo ya biashara. Mfadhili wa mbali mara nyingi huja na hadithi yake mfukoni. Kwa sababu ya shida kama hizo Judy Kibinge, mwongozaji wa filamu Mkenya, alianzisha Docubox mjini Nairobi, mfuko wa kuwasaidia watengenezaji wa Afrika Mashariki kwa fedha na mafunzo.

Filamu ya Soko, Softie, ilikuwa miongoni mwa zilizosaidiwa. Ilionyeshwa katika tamasha la Sundance, Marekani, Januari 2020. Ndani yake hamna maandamano tu. Yumo pia mke wa Mwangi, wamo watoto wao, na vitisho vilivyowafuata hadi nyumbani. Mambo hayo hakuna kamera iwezayo kuyapata kwa ziara ya siku moja.