Datsun ya Mzee: turudishe toleo gani?

Wiki hii sina msimbo wa kuwaonyesha. Nilikuwa nyumbani Keroka, mji ule unaokaa juu ya mpaka wa Kisii na Nyamira, na hadi sasa kucha zangu zina grisi.

Sababu ni Datsun 1600 SSS ya marehemu baba. Imelala chini ya mabati nyuma ya jikoni kwa miaka kumi na tisa. Mwezi uliopita Mama alituita, mimi na kaka yangu, akasema, "Nataka kupelekwa kanisani na gari la mzee wenu kabla magoti hayajanikatalia kabisa." Tukakubali kuifufua. Ugomvi ulianza tulipojiuliza swali moja: ibaki ya asili kiasi gani?

Kwa vijana ambao hawakuliona gari hili, tuanze na historia kidogo.

Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953 kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Hazikuwa mbio za uwanjani. Zilikuwa maelfu ya kilomita za barabara za kawaida, vumbi leo na tope kesho. Miaka ya sitini Peugeot 404 ilishinda mara nne: 1963, 1966, 1967 na 1968. Kisha wakaja Wajapani. Mwaka 1970 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda kwa Datsun 1600 SSS. Mwaka 1971 wawili haohao wakashinda tena, sasa wakiwa na Datsun 240Z, gari la michezo la milango miwili lenye injini ya silinda sita ya sentimita za ujazo 2,393. Mwaka 1973 240Z ikarudia, mikononi mwa Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, na msaidizi wake Lofty Drews.

240Z ilikuwa ndoto ya wengi. Karani wa chama cha ushirika cha kahawa, kama baba, angeweza kuota 1600 SSS. Ina milango minne kama gari la familia, lakini injini yake ya L16, sentimita za ujazo 1,595, ilitoka kiwandani na kabureta mbili, na magurudumu ya nyuma kila moja linajitegemea. Magari mengi ya familia ya enzi hizo hayakuwa na kitu hicho. Baba aliinunua mkono wa pili mwaka 1975, wakati Nyamira ilikuwa bado ndani ya wilaya ya Kisii.

Tatizo ni kwamba gari lililo chini ya mabati si lile lililotoka Japani. Kabureta mbili zilitolewa miaka ya themanini kwa sababu kuzisawazisha kulimshinda kila fundi, ikafungwa moja ya pikapu. Rangi nyeupe ikawa kijani. Sakafu ilioza kwa mvua zetu za kila alasiri, ikachomelewa bati. Mlango wa kushoto umebonyea tangu usiku mmoja wa tope mwaka 1986.

Msimamo wa kaka ulikuwa rahisi: tutie injini ya Toyota, spea zipo kila duka, tumalize. "Ni gari," akasema, "si sanamu ya mawe ya Tabaka." Mimi nilitaka kinyume chake: kila kitu kirudi 1970, rangi nyeupe, kabureta mbili, hata zikitoka ng'ambo.

Usiku huo nikawasha kompyuta ili nipate hoja za kumshinda. Nilichopata kilinipinga mimi mwenyewe.

Ile 240Z iliyoshinda Safari ya 1971 bado ipo. Nissan wanaihifadhi Zama, Japani. Mwaka 2013 wafanyakazi wa kampuni waliitengeneza mpaka ikanguruma tena. Lakini hawakuinyoosha bodi. Mikwaruzo na sehemu zilizobonyea huku kwetu bado zinaonekana. Fikiria kidogo: wangeirudisha ilivyotoka kiwandani, wangebaki na 240Z nyingine safi kama zilivyo nyingi duniani. Kilichoifanya istahili kuhifadhiwa kiliipata baada ya kutoka kiwandani.

Kwa hiyo "asili" ni tarehe ipi? Sisi waandishi wa programu tunalijua swali hili. Mtu akisema "rudisha mfumo ulivyokuwa", jibu la kwanza ni: toleo gani?

Nikaendelea kusoma. FIVA, shirikisho la kimataifa la magari ya kale, lilipitisha Hati ya Turin mwaka 2012, likifuata mfano wa Hati ya Venice ya 1964 inayohusu majengo ya kale. Kwa lugha yangu inasema hivi: heshimu historia yote ya gari, si siku ya kuzaliwa tu. Ukilazimika kubadilisha kitu, badilisha kidogo, kwa namna inayoweza kurudishwa, uandike ulichofanya, na utunze kipuri ulichotoa. Nilicheka peke yangu. Hii ni Git, ile programu tunayotumia kutunza kumbukumbu ya kila badiliko, ila imevaa ovaroli!

Asubuhi nikampelekea kaka orodha mpya, na fundi wetu wa jua kali pale Daraja Mbili akiwa shahidi:

1. Injini. L16 inabaki, silinda zichongwe upya. Ni ghali kuliko kununua ya Toyota, lakini ya Toyota ingetaka tukate vishikio vya injini, na chuma kilichokatwa hakirudi. Kaka akanung'unika, akakubali.

2. Kabureta. Ile moja ya pikapu inabaki. Ndiyo iliyotupeleka shule. Hapa niliyeshindwa ni mimi.

3. Platini za distribyuta. Tunaweka mfumo wa elektroniki. Kuurudisha ni kazi ya saa moja, na platini zimo kwenye mkebe wenye lebo.

4. Breki. Pedi za zamani zilikuwa na asbesto. Hapo hakuna mjadala wa asili.

5. Petroli. Yenye risasi iliondoka Afrika kusini mwa Sahara mwanzoni mwa 2006. Hata aliye mkali kuliko wote hawezi kujaza tangi la 1970.

6. Rangi. Kijani cha baba.

7. Mlango. Unabaki ulivyobonyea, kama kule Zama.

Nilijiona nimemaliza. Tukamsomea Mama orodha. Alisikiliza yote kwa utulivu hadi namba saba.

"Mlango munyooshe."

Nikamweleza habari za Japani, ushahidi wa historia na kadhalika. Akaniangalia. "Hao Wajapani huenda nalo kanisani? Mimi nimelionea aibu tangu 1986. Baba yenu aliahidi kila Krismasi kwamba atalinyoosha."

Sikuwa na jibu. Hati ya Turin haijui ahadi za baba yangu. Kaka alicheka mpaka akakaa chini.

Basi fundi ameugonga mlango taratibu kutoka ndani, bila kukata bati. Kabla hajaanza niliupiga picha pande zote. Kwenye daftari la gari, ukurasa wa kumi na moja, nimeandika: "Mlango wa kushoto umenyooshwa. Badiliko hili halirudishiki. Aliyeagiza: Mama." Akaomba kalamu, akatia sahihi mwenyewe.

Silinda bado zinachongwa. Likitembea nitawaambia. Tuonane wiki ijayo, tukirudi kwenye msimbo.