Tarehe ya Birika na Jiwe la Mizani

Kabla ya saruji na mabomba, mtu wa pwani alilitegemea jiwe kwa mambo mawili ya kila siku: kumwekea maji ya kuoga na kutawadha, na kumpimia anachouza au kununua. La kwanza lilikaa chooni, la pili dukani.

Jiwe la birika lilitoka baharini. Maji yakipwa, watu walikata matumbawe yakiwa bado mabichi na laini, mafundi wakayachonga kwa tezo kabla hayajakauka, kwani yakishakauka huwa magumu. Kuta zilijengwa kwa mawe ya miamba ya nchi kavu, na chokaa ya kuyashikanisha ilitokana na matumbawe hayohayo, yaliyochomwa juu ya lundo la magogo.

Kilwa Kisiwani, Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ambaye msafiri Ibn Battuta alimkuta madarakani mwaka 1331, alijijengea kasri la Husuni Kubwa juu ya genge linalotazama bahari. Ndani yake mna birika kubwa la pande nane, lisilo na mwenziwe katika magofu ya pwani yetu. Kaskazini, karibu na Malindi, mji wa Gedi ulihamwa katika karne ya 17, na mwanaakiolojia James Kirkman akaanza kuchimbua magofu yake mwaka 1948. Nyumba alizofukua zina vyoo vya shimo na mahali pa kujisafishia kando yake. Mojawapo ilipewa jina la Nyumba ya Birika.

Lamu ndiko ufundi huu ulikokomaa. Katika nyumba za karne ya 18, birika lilijengwa pembeni mwa choo na kupigwa lipu ya chokaa iliyosuguliwa hadi ikateleza. Chini kabisa, kwenye sakafu yake, fundi alipachika bakuli la kaure kutoka Uchina. Ndani ya maji waliwekwa samaki wadogo waliokula viluwiluwi vya mbu. Maji yakichotwa yakakaribia kwisha, samaki walikimbilia bakulini, wakasalimika mpaka birika lijazwe tena. Mtu hakutia mikono birikani. Alichota kwa kata ya kifuu cha nazi yenye mpini mrefu, akajimwagia pembeni, na maji machafu yakapita njia yake.

Lakini maji hayakujileta. Yalitekwa kisimani ndoo kwa ndoo, na katika nyumba za matajiri kazi hiyo ilikuwa ya watumwa. Anayesifu usafi wa nyumba zile hana budi kuwakumbuka na hao. Unguja, Seyyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alivuta maji ya chemchemi kwa mabomba hadi mjini, na tangu hapo birika likaanza kupoteza kazi yake pole pole.

Mizani nayo ilikuwa na hesabu yake. Wakia ilikuwa uzito wa riyali moja ya Maria Theresa, fedha ya gramu 28 hivi. Wakia 16 zilifanya ratili, ratili 3 zikafanya mani, na mani 12 zikatimiza frasila, yaani kilo 16 na kidogo. Kwa frasila ziliuzwa pembe za ndovu zilizoshuka na misafara ya bara, na kwa frasila zikauzwa karafuu. Nafaka ilikuwa na vyombo vyake, kibaba na pishi, vinavyopima ujazo wala si uzito.

Mwenye duka aliyekosa ratili ya chuma aliweza kuokota jiwe, akalilinganisha na ratili ya mwenzake, akalitunza. Hapo tumbawe halikufaa. Lina vitundu, hunyonya unyevu likazidi uzito, kisha humeguka likapungua, na kila kinachomeguka ni hasara ya mnunuzi. Jiwe la mizani lilitakiwa liwe gumu, zito na laini kwa nje.

Hila nazo hazikukosekana. Mdanganyifu aliweka mawe mawili, zito la kununulia na jepesi la kuuzia. Dhambi hii si ya juzi: Kurani ina sura nzima, ya 83, iliyopewa jina la wapunjaji wa vipimo.

Baada ya uhuru, Kenya na Tanzania ziliingia katika kilo na lita, ratili na frasila zikabaki vinywani mwa wazee. Tanzania Bara ikaunda Wakala wa Vipimo mwaka 2002, na kazi yake mojawapo ni kuikagua mizani na mawe yake na kuyapiga muhuri. Hata hivyo mkulima bado anapunjwa kwa lumbesa, gunia lililojazwa kupita kiasi na kuuzwa kama gunia moja la kawaida.

Kwa hiyo, wewe uliyerithi nyumba ya kale, usilibomoe birika lako. Likipasuka, litengeneze kwa chokaa, kwa maana saruji hufungia unyevu ndani ya tumbawe na kulila taratibu. Na wewe unayekwenda sokoni, kabla hujatoa pesa, tazama kwanza kama jiwe lina muhuri.